Kuni za Msiba wa Mwalimu Placidius

Kanoni, Karagwe
5 Novemba 2023

Mjukuu wangu Kemigisha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Bibi yako Benadeta hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua anapopanda kutoka kisimani, na hataki kusikia habari ya kuchotewa maji na mtu mwingine. Mimi ni mzima. Senene wameanza kuanguka. Kopo lako la senene waliokaangwa nimelikabidhi kwa wakala wa basi pale Kayanga pamoja na barua hii. Usiwagawie watu wasiojua kuwala. Watawatazama tu, nawe utakuwa umewapoteza bure.

Barua yako ya Septemba niliipokea. Niliisoma mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Umechanganya lugha mbili katika sentensi moja kama mtu anayepika mchele na mahindi katika sufuria moja. Nilistaafu ualimu, sikustaafu masikio. Andika Kiswahili mpaka mwisho wa sentensi, kisha uweke nukta.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Huu ni mwaka wako wa tatu chuoni, nami bado sijui unachosomea. Udaktari unaeleweka. Ualimu unaeleweka. Jumapili iliyopita baada ya misa Byabato aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, huyu mjukuu wako akimaliza, ndiye atakayetutengenezea televisheni?" Nilimjibu kwamba sivyo. Kisha nikatambua kwamba sijui ni vipi. Nieleze kwa maneno ambayo naweza kuyarudia kanisani.

Byabato huyo, umwombee. Tumemzika mama yake mwezi uliopita. Chama chetu cha kuzikana kilifika chote, lakini kila mtu alileta mkungu wa ndizi, na hakuna aliyeleta kuni. Mikungu ililundikana mpaka ikaziba njia ya mlangoni. Mwishowe mfiwa mwenyewe ndiye aliyechukua shoka akaenda kukata kuni za msiba wake. Mimi ni mwenyekiti wa chama hicho. Niliona aibu ambayo sijaizoea.

Niandikie kwa karatasi. Simu ni ya dharura, tena kwenye mteremko wetu hukatika mtu akiwa katikati ya neno.

Ni mimi babu yako,
Mwl. Placidius Rwegoshora


Dodoma
26 Novemba 2023

Babu mpendwa, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Mwambie Bibi kwamba goti halina ubishi, akubali kuchotewa. Senene wamefika wakiwa wakavu na wazima, na sikumgawia mtu yeyote isipokuwa Uwitonze, mwenzangu wa chumbani. Kwao ni Kyerwa, kwa hiyo anajua kuwala kuliko mimi. Mimi sijambo. Huku joto ni kali na vumbi linaingia hata kwenye chai.

Babu, nitajaribu kukueleza. Ulipokuwa mwalimu mkuu ulikuwa na ratiba ukutani: nani afagie, nani achote maji, nani apige kengele. Ratiba ile ilihitaji wewe usimame uisome, ndipo watoto watii. Programu tumizi ni ratiba inayojisomea yenyewe, ikamwita kila mtu kwa jina lake na kumweleza kazi yake, hata kama mwenye ratiba yuko mbali. Mimi nasomea kuziandika ratiba za namna hiyo ndani ya kompyuta na simu. Sitengenezi televisheni. Mwambie Baba Byabato, pamoja na pole zangu za msiba.

Habari ya kuni ilinikosesha raha, kisha ikanipa wazo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa kuandika programu moja itakayotumiwa na kikundi halisi cha watu. Kiongozi wa kikundi hicho lazima aandike barua ya uthibitisho, na barua ifike kwa msimamizi wangu kabla ya mwisho wa Juni. Pasipo barua hiyo sitahitimu na wenzangu. Nimeomba kukitumia chama chetu cha Kanoni. Mtu akifariki, katibu ataandika jina la marehemu mara moja tu. Ujumbe utawafikia wanachama wote hata kwenye simu za kitochi: huyu alete kuni, huyu maji, huyu mikeka, hawa waje na majembe na sururu. Kabla ya wanachama, utawafikia kwanza ndugu wa marehemu walio mbali.

Hili la ndugu walio mbali nimeliweka kwa sababu. Bibi aliwahi kunisimulia kwamba baba yenu alipofariki, habari zilichelewa kufika Kimuli, na mdogo wako akafika kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Akasema mlimficha kwa makusudi, na tangu siku ile hajakanyaga Kanoni. Nilikuwa mtoto, lakini sijasahau jinsi Bibi alivyosimulia.

Naomba ruhusa yako, Babu.

Mjukuu wako mtiifu,
Kemigisha


Kanoni
17 Desemba 2023

Mjukuu wangu Kemigisha,

Hatujambo. Mvua ni nyingi mno mwaka huu. Mgomba mmoja umeangukia banda la kuku, kuku wawili wamekufa, tumewala. Bibi yako amekubali kuchotewa maji, lakini anasimama kisimani kumkagua anayechota.

Maelezo yako ya ratiba nimeyaelewa na nimeyarudia kanisani. Byabato amesema, "Basi atakuwa kiranja wa simu." Sikumsahihisha, kwa kuwa hakukosea sana.

Kuhusu ombi lako jibu langu ni hapana. Msiba si zamu ya kufagia. Watu wa hapa husikia kilio, wakainuka na kwenda. Hawangoji kuitwa na chombo. Isitoshe, nilipolitaja jambo hili kwa wajumbe, Habumugisha anayesimamia wachimba kaburi aliuliza, "Mtaijaribuje kabla hajafa mtu?" Unajua vizuri kwamba hapa mtu hataji kifo cha mtu mzima hata kwa mchezo. Kumwandika mtu kuwa marehemu ni kumwita aondoke.

Kwa kuwa nimeambiwa kwamba usipopata kikundi hutahitimu, nimepeleka shauri lako kwenye mkutano. Mkutano umekubali jambo moja tu: katibu wetu Dusabe akupe namba za simu za wanachama na orodha ya vyombo vya chama, ili uandike hiyo ratiba yako na kutuonyesha. Haitatumika mpaka tuione. Barua ya uthibitisho sijaahidi.

Umegusa pia habari za mtu wa Kimuli. Sina habari zake. Kaburi la baba yangu si mfano wa mradi wa shule.

Noeli njema. Nenda misa.

Babu yako,
Mwl. Placidius Rwegoshora


Dodoma
11 Februari 2024

Babu, shikamoo.

Natumaini mvua imepungua na kuku waliobaki wana makao. Mimi ni mzima. Mama amenitumia mafuta ya ngozi kutoka Bukoba na kuniambia nimekonda. Uwitonze anasema mama wote husema hivyo.

Nawashukuru sana wewe na mkutano. Mama Dusabe amenipa kila kitu kwa utaratibu mzuri. Nimekwisha kuandika sehemu kubwa ya programu. Nitaijaribu hapa hapa kwenye kompyuta yangu, katika hali ya majaribio, ambapo ujumbe huonekana kama umetumwa lakini hautoki. Hakuna simu itakayolia Kanoni. Waambie wajumbe wasiwe na wasiwasi.

Kuhusu Kimuli, nimesoma ulichoandika. Sitauliza tena.

Naomba uiwaze barua ya uthibitisho. Sikushurutishi.

Mjukuu wako,
Kemigisha


Dodoma
Jumamosi, 6 Aprili 2024, jioni

Babu yangu, shikamoo.

Sijui niandike nini kwanza. Naandika kwa sababu Bibi alipokea simu mara moja tu mchana, akasema, "Babu yako yuko hai, ana wageni, usipige tena," kisha akakata. Nyuma yake nilisikia watu wengi sana, na mtu mmoja akiuliza wapi pa kuteka maji.

Babu, ni mimi niliyekuua. Naomba nieleze.

Asubuhi nilikuwa naijaribu programu kwa mara ya mwisho kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu. Programu haikubali nafasi ya marehemu iachwe wazi. Lazima pawe na jina. Wenzangu huandika jina la kubuni tu, wakaendelea. Mimi nilikuwa na majina ya watu wa Kanoni mbele yangu, na kila nililotaka kulitumia nilimwona mwenyewe na nyumba yake. Nitamwandikaje Baba Byabato kuwa marehemu, naye amemzika mama yake juzi? Nitamwandikaje Mama Dusabe, aliyenipa namba? Nikaona kwamba sina haki ya kumtamkia kifo mtu wa nyumba nyingine. Kama ni lazima kuwe na msiba, uwe wa kwetu. Basi nikaandika jina lako, na mahali pa ndugu walio mbali nikaandika namba ya Kimuli. Niliipata kwa Bibi. Usimkasirikie yeye.

Nilidhani niko katika hali ya majaribio. Jana nilikuwa nimeitoa katika hali hiyo ili nirekebishe jambo dogo, nikasahau kuirudisha. Nikabonyeza. Nilitambua kosa nilipoona programu inaniandikia, moja baada ya jingine: umepokelewa, umepokelewa, umepokelewa.

Nilituma ujumbe wa kukanusha papo hapo. Nimeambiwa ulifika, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutoka majumbani, simu ziko mifukoni, mizigo kichwani.

Nisamehe, Babu. Sijala tangu asubuhi.

Kemigisha


Dodoma
12 Mei 2024

Babu, shikamoo.

Sijapata jibu lako, nami sistahili kulidai. Huwa naulizia kwa wakala wa basi, na sasa ananijibu kabla sijafungua mdomo. Bibi nikimpigia ananiambia habari za maharage na goti. Nikimuuliza habari zako anasema, "Yupo, anaandika na kuchana." Nikimuuliza habari za siku ile anasema mwenye msiba ndiye atakayesimulia.

Nimekwisha kumweleza msimamizi wangu ukweli wote. Alishika kichwa, kisha akasema kwamba sheria haijabadilika: barua ya kiongozi wa kikundi ifike kabla ya mwisho wa Juni, ama nirudie mwaka. Nimemwambia kwamba siwezi kumwomba barua mtu niliyemzika akiwa hai. Namba zote za wanachama nimezifuta. Waambie wajumbe kwamba hakuna simu yao itakayolia tena kwa ajili yangu.

Nitarudia mwaka, Babu. Nimejipanga kwa hilo. Sitaki tu unyamaze.

Mjukuu wako,
Kemigisha


Kanoni
2 Juni 2024

Mjukuu wangu Kemigisha,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Kahawa imeanza kuiva upande wa juu, na tumeanza kuchuma. Mimi ni mzima, kama utakavyoona kwa mwandiko.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kukugombeza Bibi yako alicheka jikoni, nami siwezi kuandika karipio penye kicheko. Leo amekwenda jumuiya. Sasa sikiliza.

Asubuhi ile nilikuwa shambani nyuma ya nyumba nikikata majani makavu ya migomba. Simu yangu ilikuwa kabatini, imezimwa, mahali pake pa kawaida. Kwanza alifika mtu mmoja kwa pikipiki kutoka mbali. Huyo nitamwacha kwa sasa.

Baada yake nikasikia kilio barabarani. Nikaharakisha kwenda kuona nani amefiwa. Nilipotokeza uani nikakutana na Byabato, ana mzigo mkubwa wa kuni begani na machozi mashavuni. Aliponiona akaachia mzigo wote miguuni pake.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ulimtazamia nani nyumbani kwangu?"

"Basi marehemu ni nani?"

"Marehemu yupi?"

"Wewe, Mwalimu!"

Nilimwambia asimame vizuri na aseme jambo moja kwa wakati mmoja. Akanipa simu yake nisome mwenyewe. Ndivyo nilivyopata taarifa ya kifo changu, nimesimama uani kwangu, panga mkononi. Nikiri kwamba ujumbe uliandikwa kwa ufasaha. Hata hivyo umeniua bila cheo: hukutaja kwamba nilikuwa mwenyekiti.

Wakati huo walikuwa wakiingia wengine. Wanawake wenye maji walipoingia na kuniona, wawili walikimbia na mmoja akapiga magoti. Mikeka ilikuja. Maturubai yalikuja. Sufuria kubwa la chama, ambalo katika kila msiba hutafutwa mpaka watu wasinzie, lilifika mapema na mfuniko wake. Bibi yako alirudi kutoka kufagia kanisa, akakuta ua umejaa. Akasikia kwamba mumewe amefariki, akanitazama mimi niliyekuwa nikibishana na Byabato, akasema, "Mawe, mama yangu! Hata akifa hanyamazi."

Tukamkumbuka Habumugisha. Yeye na vijana wake walikuwa wamepitia njia ya chini, hawakufika uani kabisa. Tulipowakuta walikuwa wamekwisha kuchimba. Shimo lilikuwa zuri, kuta zimenyooka, pale pale karibu na mibuni yangu mizuri. Nikamuuliza, "Habumugisha, nani alikuonyesha mahali hapa?" Akajibu bila kugeuka, "Marehemu alipapenda sana." Kisha akageuka. Ilibidi tumpe maji.

Hapo yalizuka mambo mawili ambayo wewe na kompyuta yako hamkuyafikiria. La kwanza ni kwamba chakula kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka. Hakuna mwanamke aliyekubali kubeba maharage yake kurudi nyumbani. Basi yakapikwa. La pili ni kwamba shimo likishachimbwa kwa ajili ya mtu haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Wazee walisema lazima lipewe kitu badala yangu. Mimi ni Mkristo, na sikukubali kwa sababu zao. Nilikubali kwa sababu za kilimo, maana shimo lenye kina kile ni adimu. Tulilijaza samadi na udongo wa juu, tukapanda humo chipukizi la mgomba. Nilishika upande mmoja wa chipukizi. Aliyeshika upande wa pili ni yule wa pikipiki.

Kisha tukala. Nilikaa mbele kama mwenyekiti na kama marehemu. Dusabe alikuwa ameandika wasifu wangu njiani, juu ya gunia la mchele. Watu wakasema hauwezi kupotea bure, akasimama akausoma wote. Nilimwomba karatasi ile baadaye. Ina makosa ya uakifishaji kila mstari. Nimeyasahihisha, nami nimeihifadhi ndani ya Biblia.

Walipokwisha kula, Byabato alisimama. Nanukuu maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha: "Jamani, mama yangu nilimkatia kuni mwenyewe. Leo marehemu yuko hai na kuni zimebaki. Ujumbe ulikuwa wa uongo, lakini kuni ni za kweli. Mimi naitaka hiyo kitu." Habumugisha akasema hata yeye anaitaka, ila iandikwe kwamba wachimbaji wapitie uani kwanza. Watu walipiga makofi. Nilipiga kura ya mwisho. Ilikuwa ya ndiyo.

Masharti yetu ni haya. Jina la marehemu liandikwe na katibu, lakini ujumbe usitoke mpaka mtu wa pili wa nyumba ile ile athibitishe. Wachimbaji wapitie uani. Na mwenyekiti atajwe kwa cheo. Dusabe atakupa namba upya. Ulifanya vyema kuzifuta, na ulifanya vibaya kujipanga kushindwa.

Barua ya uthibitisho imo ndani ya bahasha hii, imegongwa muhuri wa chama. Nimeanza hivi: "Mimi niliyeandikwa chini, ambaye pia ni marehemu wa tarehe 6 Aprili, nathibitisha kwamba programu ya mwanafunzi huyu inafanya kazi." Usibadilishe hata nukta.

Kula.

Babu yako,
Mwl. Placidius Rwegoshora
Mwenyekiti, Chama cha Kuzikana


Dodoma
4 Agosti 2024

Babu mpendwa, shikamoo.

Salamu kwa Bibi, kwa mibuni, na kwa mgomba wa kaburini. Mimi ni mzima, na Uwitonze anasema nimenenepa.

Babu, nimefaulu!

Siku ya kuwasilisha miradi tulisimama mbele ya jopo la wahadhiri, mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilipofika, msimamizi wangu aliisoma barua yako kwa sauti. Alipofika kwenye "marehemu wa tarehe 6 Aprili" akasimama, akarudia kimoyomoyo, kisha akaendelea. Mhadhiri mzee aliyekuwa ameinamia karatasi zake aliinua kichwa akaniuliza, "Huyu aliyesaini ndiye huyu aliyekufa?" Nikajibu, "Ndiye, Mheshimiwa." "Na anaipendekeza programu?" "Anaipendekeza kwa masharti." Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha wakaniuliza maswali magumu kwa muda mrefu, bila kucheka hata kidogo, na nikayajibu yote. Sharti lako la mtu wa pili kuthibitisha walilisifu kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilisema ni lako. Nimepata alama ya juu kabisa, na mradi wangu umechaguliwa kuwa wa kwanza katika darasa letu. Nilitoka nje, nikajificha nyuma ya jengo, nikalia. Kisha nikala sahani mbili za wali.

Mahafali ni Desemba. Ningefurahi sana kukuona hapa, ingawa najua safari ni ndefu.

Kuna jambo jingine. Nimepokea maombi mawili ya programu, moja kutoka Kamuli na jingine kutoka Kimuli. La Kimuli limesainiwa na mwenyekiti wa chama chao. Ameandika kwamba ameiona ikifanya kazi kwa macho yake, tena kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitataja jina lake. Nitalitaja siku utakapolitaja wewe.

Mjukuu wako,
Kemigisha


Kanoni
17 Novemba 2024

Mjukuu wangu Kemigisha,

Marahaba. Senene wameanza tena, nami sitakutumia kopo mwaka huu. Sababu utaiona chini. Goti la Bibi yako limetulia. Mgomba wa lile shimo umenizidi urefu. Watu hupita kuutazama, na Habumugisha huwaambia wageni kwamba ndio mimi.

Barua yako ya Agosti niliisoma kanisani baada ya matangazo, kwa ruhusa ya katekista. Sikupata mahali pa kuweka kalamu nyekundu. Nilitafuta.

Programu yako imetumika kwa kweli mwezi uliopita. Alifariki bibi kizee Therese, yule mjane wa Kinyarwanda aliyekuwa akishona mikeka. Mwanawe Theoneste anafanya kazi ya kibarua huko Kamuli. Dusabe aliandika jina, binti wa marehemu akathibitisha, na Theoneste akafika mama yake akiwa bado ndani. Alimshika mkono. Wakati wa kuzika alisimama mahali pa mtoto wa kiume, akatupa udongo wa kwanza. Kuni zilikuwepo, maji yalikuwepo, na wachimbaji walipitia uani. Theoneste alinijia baadaye kunishukuru. Nilimwambia kwamba shukrani hizo ni za mjukuu wangu na kwamba nitazifikisha. Nazifikisha.

Byabato hasemi tena habari za televisheni. Juzi alimwambia padre, "Mtoto wetu ndiye aliyeandika hii." Amesema wetu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nililiruka katika barua iliyopita.

Asubuhi ile ya Aprili nilikuwa katika migomba nikasikia pikipiki ikizimwa barabarani. Mtu akaja mbio kati ya migomba, mzee kama mimi, ametapakaa matope mpaka kifuani kwa mvua ya njiani, kofia mkononi. Alikuwa akitazama nyumba, akitafuta mahali walipokusanyika watu, wala hapakuwa na mtu. Alikuwa amewatangulia wote, maana wenye mizigo walikuwa bado wanakusanya kuni, maji na vyombo. Ndipo akaniona. Tulisimama. Sikuwa nimesoma ujumbe wowote, kwa hiyo sikuelewa kwa nini mdogo wangu, ambaye hakuwa amekanyaga kibanja hiki cha migomba tangu tulipomzika baba, amesimama mbele yangu. Akanishika mabega kwa mikono yote miwili, akayabonyeza kama anayepima mkungu. Akasema:

"Kaka, safari hii nimewahi."

Nikamwambia:

"Umewahi mno, Polikarpi. Sijafa bado."

Akacheka, kisha akalia. Mimi niliendelea kushikilia panga, maana sikujua niliweke wapi. Mengine unayajua.

Tangu hapo huja Jumapili nyingi. Hubishana nami kuhusu kahawa, na hakubali kushindwa hata anaposhindwa. Tulipoipata habari ya mahafali alisema kwamba mtu wa Kimuli hawezi kusikia jambo la nyumbani mwishoni tena, wala kufika mwishoni. Wiki iliyopita tulikwenda pamoja Kayanga kukata tiketi. Bibi yako anasema basi humtapisha, kwa hiyo anabaki kuulinda mgomba. Senene tutakuletea wenyewe.

Tutaondoka siku mbili kabla ya wageni wengine wa mahafali. Nilimwambia kwamba tutafika mapema sana, hata lango la chuo litakuwa limefungwa. Amejibu kwamba tutakaa langoni.

Tungoje hapo.

Babu zako,

Mwl. Placidius Rwegoshora

Polikarpi Rwegoshora (nimesaini mwenyewe, kaka hajanisahihisha)